Mtoto Anapokataa Lengalenga: Maswali na Majibu kwa Wazazi wa Bukavu

Siku ya kupima uzito wa watoto, mazungumzo ya akina mama kwenye benchi la kituo cha afya hayachelewi kufika kwenye sahani: bugali inaliwa, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zinaliwa, lakini mboga ya majani kama lengalenga (mchicha) inasukumwa pembeni. Majibu yafuatayo yanahusu watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5.

Binti yangu alikuwa akila kila kitu alipokuwa na mwaka mmoja. Sasa ana miaka miwili na nusu na hataki hata kuona kitu cha kijani. Je, nimemdekeza?

Si lazima. Kuanzia karibu na umri wa miaka 2, watoto wengi huingia katika kipindi cha kuogopa vyakula wasivyovizoea, na wakati mwingine hata vile walivyovila wiki iliyopita bila shida. Hofu hiyo hupungua polepole wanapoendelea kukua. Majani mengi yana uchungu kidogo, na mtoto huuhisi uchungu huo kuliko mtu mzima, ilhali utamu anaupenda tangu kuzaliwa. Tena, baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua hupungua, na hamu ya kula hupungua nayo. Mama anayekumbuka kibakuli kilichokuwa kikiisha chote huona kama mtoto ameharibika, kumbe tumbo lenyewe limepunguza madai yake.

Nimpe mara ngapi kabla ya kukubali kwamba haipendi?

Mara nyingi kuliko wazazi wengi wanavyovumilia. Tafiti zimeonyesha kwamba mtoto huweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15, katika siku tofauti, kabla ya kukizoea, na wengi wetu tunakata tamaa baada ya mara ya tatu au ya nne. Neno muhimu hapa ni kuonja, wala si kushiba. Weka mboga kiasi cha ukucha wa kidole gumba kando ya chakula anachokipenda. Akiigusa, akainusa, akaiweka mdomoni na kuitema, usimkemee, kwa kuwa hata aliyetema amekwisha kuonja.

Ushauri wa namna hii huandikwa mara nyingi kana kwamba kila nyumba ina chakula cha kutupa. Mama aliyenunua fungu moja la lengalenga sokoni Kadutu kwa ajili ya watu saba hawezi kulipoteza kwa majaribio. Ndiyo maana tunasisitiza kiasi cha ukucha: kikikataliwa, hasara ni ndogo, na kesho unaweza kujaribu tena bila hasira.

Bibi yake anamlazimisha. Mimi ninamwahidi biskuti akimaliza mboga. Nani kati yetu anakosea?

Kwa heshima zote kwa bibi, njia zote mbili zina kasoro. Mtoto anayeshikwa kichwa na kusukumiwa kijiko huunganisha mboga na woga, na anaweza kupaliwa. Biskuti nayo humfundisha kwamba mboga ni adhabu na biskuti ndiyo tunu. Mgawanyo wa kazi unaofaa ni huu: mzazi huamua chakula gani kinaletwa na saa ngapi, na mtoto huamua atakula kiasi gani.

Kinachosaidia zaidi ni kuwaona wengine wakila. Kaka anayechovya tonge lake kwenye sombe (majani ya muhogo yaliyotwangwa) kwa furaha humshawishi mdogo wake kuliko maneno ya mama. Hata hivyo, mtoto mdogo na awe na sahani yake, ingawa anakaa pamoja na wenzake, ili ujue amekula nini, na wakubwa wenye mikono ya haraka wasimmalizie.

Mboga ipikwe vipi?

Mara nyingi mtoto hakatai ladha, anakataa nyuzi. Mtazame anayekula lengalenga iliyokatwa kwa haraka: anatafuna, anatafuna tena, kisha anavuta kutoka mdomoni kishina kirefu kilichokataa kukatika. Ondoa mashina magumu na ukate majani laini kabisa. Sombe ina faida hapa kwa sababu imekwisha kutwangwa. Lakini majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi, kwa hiyo yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu hata kama makaa ni ghali.

Ongeza kijiko cha mawese. Mafuta humsaidia mtoto kufyonza vitamini A iliyomo katika majani, na mawese mekundu yenyewe yana viini vinavyogeuka kuwa vitamini hiyo mwilini. Nyanya au matone ya ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza kazi hiyo. Kwa anayekataa kabisa kijani, anza na boga au karoti iliyopondwa, kwa kuwa zina utamu wake. Kuificha mboga ndani ya maharagwe si kosa, ila aione pia ikiwa wazi, la sivyo hataizoea kamwe.

Na karoti mbichi?

Kwa mtoto mdogo, hapana. Kipande kigumu kinaweza kumkaba. Mboga yoyote inayoliwa mbichi ioshwe kwa maji safi yaliyotibiwa, kwani kipindupindu si mgeni katika jimbo letu.

Ni lini niache kungoja?

Mtoto anayekataa mboga lakini anacheza, anakua na kula vyakula vingine anaweza kungojewa. Mpeleke kituoni bila kuchelewa akipungua uzito, akikataa karibu kila chakula, akivimba miguu kama mwenye bwaki (utapiamlo mkali unaovimbisha mwili), au akianza kujikwaa kila jioni inapoingia giza, kwa sababu hiyo yaweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini A. Kuanzia miezi 6 hadi 59 anapaswa kupata matone ya vitamini hiyo kila baada ya miezi 6. Omba pia apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi: chini ya milimita 125 anahitaji kufuatiliwa, na chini ya 115, penye rangi nyekundu, anahitaji matibabu siku hiyohiyo.