Si kijiti, si nyoka: samaki mrija aliyefika Malaba

Jirani yangu hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, anaendesha lori la kwenda Mombasa. Safari iliyopita alirudi na kitu alichookota ufukweni, amekifunga kwenye gazeti: kikavu, chembamba, urefu wake kama kalamu mbili zilizounganishwa. Tukakizunguka. Mmoja akasema kijiti, mwingine mtoto wa nyoka, na mama muuza mukene, wale dagaa wa ziwani, akakata shauri kwamba ni mdudu. Nikaomba nikishike. Nafundisha baiolojia, na viumbe hawa nawapenda sana.

Ni samaki. Wanasayansi humwita Syngnathoides biaculeatus, na Bloch, mtaalamu wa samaki wa Ujerumani, ndiye aliyemwandika kwanza mwaka 1785. Sisi tumwite samaki mrija, kwa ajili ya hiyo pua ndefu. Nyoka hana mapezi. Huyu analo mgongoni, dogo, jepesi kama ganda la kitunguu, nalo ndilo linalomsukuma majini. Badala ya magamba amevaa mifupa iliyopangwa pingili kwa pingili. Ukipitisha ukucha, unakwaruza kama kwenye meno ya kitana.

Wengi hudhani anajificha kwa rangi tu. Rangi ipo, kijani au hudhurungi kama nyasi bahari anamoishi, kwenye maji mafupi ya pwani. Lakini ustadi wake uko katika mkao: anauzungusha mkia kwenye jani, anasimama sambamba nalo, na linapoyumba naye anayumba. Macho ndiyo yanayohangaika, moja huku, jingine kule.

Wala hanyonyi damu kwa ule mrija, kama kijana mmoja alivyoogopa. Hana meno. Kijidudu cha majini kikisogea, ananyanyua kichwa ghafla na kukivuta ndani pamoja na maji.

Ubishi mkubwa ulikuja tulipomgeuza. Tumboni palikuwa na mayai makavu, yamejipanga safu safu kama punje za hindi kwenye gunzi. "Basi huyu ni jike," akasema mama muuza mukene, na wote wakaitikia. Hapana, mama, huyu ni dume. Jike huyabandika mayai kwenye tumbo la dume, yakanata hapo, kisha baba ndiye anayetembea nayo mpaka yaanguliwe. Farasi-bahari, ndugu yake, huyafungia mayai mfukoni. Huyu hana mfuko. Watoto wake wako nje, na ngao yao ni kule kujificha kwa baba. Mama akamchukua, akamsogeza karibu na macho, akakaa naye muda mrefu bila kusema neno.

Ziwa Victoria hatuna samaki huyu. Hata hivyo si kweli kwamba ukoo wote ni wa maji ya chumvi: wapo samaki mrija wa mito ya Afrika Magharibi.

Wengine huamini anaponya magonjwa, na huko Uchina huuzwa mkavu kama dawa. Biashara ya kimataifa ya farasi-bahari inadhibitiwa na CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2004. Samaki mrija hawakuingizwa wakati ule. Inaniuma, maana juya likikokotwa juu ya nyasi bahari linamzoa yeye, mayai na makao yake kwa mvuto mmoja.

Dereva aliuliza kama aniletee wengine. Nikamsihi awaache. Yule mkavu yuko darasani, ndani ya chupa ya jamu, tumbo limeelekea kwa wanafunzi.