Ng'ombe Hanenepeshwi kwa Ajili ya Kuzaa

Nimechoka kuisikia hoja kwamba ng'ombe aliyekaushwa maziwa, yaani aliyeachwa kukamwa ili apumzike kabla ya kuzaa, alishwe pumba na mashudu bila kipimo ili azae akiwa na akiba ya mafuta. Anayeifuata hugharimika mara mbili, kwanza kwa chakula, kisha kwa matibabu.

Ng'ombe aliyenona hadi kufikia alama 4 au zaidi, katika kipimo cha hali ya mwili cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenona kupita kiasi), hupungukiwa na hamu ya kula anapokaribia kuzaa, na huchelewa kuirudisha baadaye, wakati maziwa yanapanda haraka kuliko ulaji. Mwili huyeyusha mafuta kwa wingi, ini hulemewa, kisha hufuata ketosisi, yaani ugonjwa wa damu kujaa kemikali zitokanazo na mafuta hayo: ng'ombe huanza kuisusa nafaka huku akiendelea kula nyasi kidogo kidogo, na pumzi yake hutoa harufu tamutamu. Anayefaa kuzaa ni mwenye alama 3 hadi 3.5, ambaye ukimbonyeza kidogo kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho, unazihisi ncha za mifupa bila kuziona zimechomoza. Apimwe kwa mkono, tena na mtu yule yule kila mara, maana manyoya na mimba hudanganya macho. Aliyekonda arekebishwe angali anakamwa, katika miezi ya mwisho ya ukamuaji. Akishakaushwa, kazi iliyobaki ni kuidumisha hali aliyonayo.

Wengine wakiona ng'ombe amekonda baada ya kuzaa hukimbilia dawa ya minyoo. Minyoo ipo, sikatai, lakini ng'ombe mwenye maziwa mengi hupungua hata akiwa mzima kabisa, na katika wiki za mwanzo kasi ya kupungua huongozwa zaidi na urithi na homoni, kwa hiyo kumrundikia nafaka hakuizuii sana na kwaweza kumletea asidi tumboni. Kupoteza nusu alama ni kawaida. Akipoteza zaidi ya alama nzima, huenda akachelewa kushika mimba.

Wapo nao wanaosema, "Ni ukoo wake tu." Ni kweli kwamba ng'ombe wa maziwa wa aina ya Friesian waliochaguliwa kizazi hadi kizazi kwa wingi wa maziwa huwa wembamba zaidi, ila ndani ya aina moja urithi hueleza takribani robo tu ya tofauti za hali ya mwili, na sehemu kubwa ya zilizobaki hutokana na malisho, afya na matunzo. Mwenye kutaka kuurekebisha ukoo achague mbegu za dume ambaye binti zake hushika mimba mapema, hata kama maziwa yao si ya kujivunia sana.