Bakteria Waliolala Majini: Maswali na Majibu

Maji yanaweza kupimwa, majibu yakarudi safi, kumbe ndani yake wamo bakteria hai. Mpimaji hakukosea, na chombo chake hakikuharibika. Ni kwamba bakteria wengi wa majini, hali ikiwa ngumu, hujizima karibu kabisa wakasubiri. Haya ni maswali yanayoulizwa zaidi kuhusu jambo hilo.

Bakteria analalaje?

Chukua Vibrio cholerae, yule anayeleta kipindupindu. Akiwa na nguvu zake ana umbo la mkunjo, kama alama ya mkato, na ana mkia wa kuogelea. Mweke kwenye maji ya nyuzi joto 4 yasiyo na chakula. Kadiri siku zinavyopita anasinyaa, mkunjo unapotea, anabaki kitone cha mviringo. Haongezeki tena. Shughuli za ndani ya seli zinashuka hadi kile kidogo kinachotosha kumweka hai, lakini utando wake haujapasuka na vinasaba vyake vimo vyote. Kinachomfikisha hapo si baridi na njaa peke yake: chumvi kubadilika ghafla, mwanga mkali wa jua na hata dawa za kutibu maji huweza kufanya hivyo.

Kwa hiyo amegeuka spora?

Hapana, na watu wengi huchanganya hapa. Spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, hutengenezwa na jamii chache tu za bakteria, kama Bacillus na Clostridium. Hizo zina ganda gumu, na baadhi huvumilia hata maji yanayochemka. Bakteria wa kipindupindu hana uwezo huo. Akilala ni seli ile ile, imepungua tu.

Mbona maabara haimwoni?

Kwa sababu kipimo cha kawaida kinahesabu wanaozaana. Maji hupitishwa kwenye kichujio chenye matundu madogo mno, kichujio kikalazwa juu ya sahani yenye chakula cha bakteria, kikaachwa kwenye joto hadi kesho yake. Bakteria mmoja aliyenaswa huzaana mpaka akawa doa linaloonekana kwa macho, na mpimaji anahesabu madoa. Asiyezaana hana doa, basi hayumo kwenye hesabu.

Mwaka 1982 watafiti, akiwemo Rita Colwell wa Marekani, walieleza hali hii kwa E. coli, bakteria wa matumboni, na bakteria wa kipindupindu. Sahani zilikuwa tupu, ilhali kwa hadubini seli zilionekana, na zilikuwa hai. Siku hizi kuna vipimo vya vinasaba, ambavyo navyo vina udhaifu wao: huokota hata vinasaba vya bakteria aliyekwisha kufa.

Anakaa wapi muda wote huo?

Wa kipindupindu hupenda maji ya chumvi kidogo, pale mito inapokutana na bahari, na hujibandika kwenye magamba ya kopepodi, viumbe wadogo wa jamii ya kamba ambao kwa macho ni nukta tu zinazorukaruka majini. Jambo hili lilizaa kinga rahisi ajabu. Huko Bangladesh, wanawake walifundishwa kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Kitambaa hakiwezi kumzuia bakteria anayeelea peke yake, ila kinamnasa kopepodi pamoja na abiria wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa takriban asilimia 48 katika vijiji vilivyochuja hivyo. Kwa kitambaa tu!

Legionella, anayeleta nimonia kali, ana maficho mengine: utelezi ndani ya mabomba, na ndani ya amiba, viumbe wa seli moja wa majini.

Akiamka anaambukiza?

Anaweza. Joto likipanda na chakula kikirudi, baadhi huanza kuzaana tena. Legionella waliolala waliwahi kuamshwa kwa kuwekwa pamoja na amiba. Watu waliojitolea walimeza bakteria wa kipindupindu wasioota maabara, na waliotoka kwenye kinyesi chao walikuwa wakiota vizuri. Wapo wanasayansi wanaohoji kama kweli wote waliamka, au wachache waliobaki macho ndio walioongezeka. Kwa anayekunywa maji hayo, tofauti ni ndogo.

Kugandisha maji kunasaidia?

Hakusaidii. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni maji machafu.

Na klorini?

Klorini inaua, mradi kipimo kitoshe na muda utoshe. Tatizo ni nusu dozi, ile ya kubania kidonge: bakteria anaumizwa bila kufa, analala, na kipimo kinasema maji ni safi. Shirika la Afya Duniani linataka klorini iliyobaki majini iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza, kwani uchafu hula dawa kabla haijamfikia bakteria.

Kuchemsha je?

Hapa aliyelala hana ujanja. Yaache yatokote dakika 1 nzima. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3, maana huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kisha yatunze kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Chombo hicho kikiwa kitupu, pitisha kidole ndani yake mara kwa mara. Ukihisi utelezi, kisugue kwa sabuni, ukisuuze, ndipo ujaze tena.

Tangi la maji ya moto bafuni nalo ni la kuogopa?

Kwa ajili ya Legionella, ndiyo, hasa likiwekwa vuguvugu. Yeye huzaana vizuri kati ya nyuzi 20 na 45, na humwingia mtu kwa kuvuta mvuke na matone madogo ya bomba la mvua. Wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi. Tangi liwekwe nyuzi 60, na bomba lililokaa wiki bila kutumika lifunguliwe maji yatiririke kwa dakika kadhaa, wewe ukiwa nje ya bafu.