Nyuzi za goti: maana yake baada ya kuwekewa goti bandia

Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani siku chache baada ya kuwekewa goti bandia. Kwenye karatasi yake palikuwa na namba mbili tu: 5–70. Kaka alidhani ni asilimia ya kupona. Shangazi aliona ni idadi ya mazoezi. Kumbe zilikuwa nyuzi.

Nyuzi ni kipimo cha pembe, kama tulivyofundishwa shuleni kwa kipimapembe, na hazihusiani na nyuzi za mshono ingawa wodini utayasikia maneno yote mawili kwa siku moja. Mtaalamu wa fiziotherapia huweka kipimo chenye mikono miwili kando ya goti, mkono mmoja ukifuata paja na mwingine ukifuata muundi. Mguu ulionyooka kabisa ni nyuzi 0. Mguu wa mtu aliyekaa kitini vizuri ni kama 90. Kwa hiyo 5–70 maana yake ni kwamba mama hata akinyoosha mguu mpaka mwisho, goti linabaki limepinda kidogo, na akilikunja linaishia 70.

Kutembea sakafuni kunahitaji nyuzi kama 65. Ngazi zinataka kati ya 80 na 100, kuinuka kitini bila kuvutwa mkono kama 95. Kuchuchumaa mpaka chini huvuka 130, na hapo wengi wenye goti bandia hawafiki. Wengi huishia kati ya 110 na 120. Goti lililokuwa gumu kukunja kabla ya upasuaji kwa kawaida hukunja kidogo pia baadaye, kwa hiyo si haki kumlinganisha mgonjwa na jirani aliyefika 125.

Kwa nini goti jipya liwe gumu? Daktari huondoa nyuso za mifupa zilizolika, huvika chuma, na katikati huweka plastiki ngumu. Chuma hicho kinakunja vizuri tangu siku ya kwanza. Kinachoganda ni nyama inayokizunguka: ngozi, kano, uvimbe, na kovu linalojengeka ndani. Msuli wa mbele wa paja nao hulala. Mwezi wa kwanza unaweza kupoteza nusu ya nguvu zake au hata zaidi, na mgonjwa anaubana kwa nia yote lakini hauitiki.

Nyumbani sote tulishangilia namba ya pili. “Leo 78!” “Leo 85!” Ile 5 hakuna aliyeiuliza, nami nasema kwa uchungu kwamba ndiyo iliyotaka macho zaidi. Goti lisilonyooka huufanya mguu uwe kama mfupi, mtu anachechemea, na msuli wa paja unafanya kazi kila anaposimama, hata pale ambapo mguu ulionyooka ungepumzika. Shangazi, kwa huruma yake, alikuwa akiweka mto chini ya goti kila usiku kwa sababu mama alipata nafuu hapo. Mtaalamu alipokuja aliuchomoa, akakunja taulo na kuliweka chini ya kisigino. Goti likabaki hewani, na uzito wa mguu wenyewe ukawa unalishusha taratibu. Mama alishika ukingo wa godoro, akahesabu dakika tano. Wiki ya tatu ile 5 ikawa 0.

Kwa kukunja, alikaa kitandani na khanga imezungushwa kwenye unyayo, akiivuta mwenyewe huku kisigino kikiteleza kuja kwake, mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Wapo wanaoamini katika kulazimisha, mtu mwingine akiusukuma mguu mpaka mgonjwa apige kelele. Mimi siikubali njia hiyo. Goti lililoumizwa leo huvimba kesho, na goti lililovimba halikunji. Kipimo chetu kilikuwa asubuhi inayofuata: likiamka limevimba na la moto kuliko jana, tulipunguza mazoezi na kuongeza barafu. Likiamka tulivu, tuliongeza.

Ile mashine ya kulikunja goti mgonjwa akiwa amelala, tafiti nyingi zimeona haileti tofauti kubwa ya maana. Usiuze mbuzi kwa ajili yake. Kwenda kliniki kila mara dhidi ya kufanya nyumbani? Kwa mgonjwa asiye na matatizo mengine, matokeo hukaribiana, ilimradi nyumbani afundishwe vizuri na apimwe nyuzi kila baada ya muda. Upimaji huo ndio usioachika. Wiki zikipita na goti halijafika hata 90, mwone daktari mapema; anaweza kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kulikunja kwa mikono, na jambo hilo hufaa zaidi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kabla kovu halijakomaa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikibana, au mshono ukitoa usaha, hapo hakuna kusubiri kliniki, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mama sasa yuko 0–112. Anapanda ngazi za ghorofani kwa dada, anaswali juu ya kiti, na choo cha kuchuchumaa tumekiwekea kiti cha mbao chenye tundu.