Chanjo Ikishaidhinishwa, Ufuatiliaji Unaendelea

Wazazi hutuuliza: kama chanjo imeshapita majaribio, kwa nini bado mnaifuatilia? Ina maana hamna uhakika nayo? Swali ni la haki, na jibu lake limo kwenye hesabu.

Awamu ya kwanza ya majaribio huwa na makumi ya watu wazima wenye afya njema, ya pili mamia, ya tatu maelfu. Katika awamu ya tatu washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu: wapo wanaopata chanjo na wapo wasioipata, na kwa kawaida si wao wala wanaowapima wanaojua nani kapata nini. Hapo homa, uchovu na maumivu ya mkono huonekana wazi. Lakini dhara linalompata mtu mmoja kati ya 10,000 linaweza lisitokee hata mara moja kwa washiriki 3,000. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuliona walau mara moja, unahitaji watu wapatao 30,000.

Ndivyo ilivyokuwa kwa RotaShield, chanjo ya kwanza ya virusi vya rota, vinavyowasababishia watoto kuhara vibaya, kuidhinishwa Marekani, mwaka 1998. Katika majaribio, watoto wachache walipata tatizo la sehemu ya utumbo kujiingiza ndani ya nyingine, ila idadi yao haikutosha kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo chanzo. Ilipoanza kutumika kwa wingi, taarifa za tatizo hilo zikaanza kuingia. Zilipofika 15, Julai 1999, matumizi yalisitishwa, na Oktoba chanjo ikaondolewa sokoni. Makadirio ya baadaye yalikuwa takribani mtoto mmoja kati ya 10,000.

Wapo wanaolitaja tukio hili kama ushahidi kwamba chanjo haziaminiki. Mimi naliona kinyume: dhara adimu kiasi hicho lilinaswa ndani ya mwaka mmoja. Chanjo mbili zilizofuata, Rotarix na RotaTeq, zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000, makusudi ili tatizo hilo lisijifiche. Hata hivyo, ufuatiliaji wa baadaye umeonyesha kwamba nazo zina hatari ndogo, ya watoto wachache kati ya 100,000. Hatuifichi. Tunaipima dhidi ya ugonjwa ambao, mwaka 2000, ulikadiriwa kuua watoto karibu nusu milioni duniani.

Jambo gumu zaidi ni kutenganisha kilichotokea baada ya chanjo na kilichotokea kwa sababu yake. Utumbo hujiingiza hata kwa watoto wasiochanjwa, kwa hiyo taarifa moja peke yake haithibitishi chochote; lazima ulinganishe waliochanjwa na wasiochanjwa. Dalili za usonji nazo mara nyingi hugundulika katika umri ule ule wa chanjo ya surua, na hofu ikazaliwa hapo. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, wenye watoto zaidi ya 650,000, haukukuta uhusiano wowote.

Mzio mkali ni nadra sana na kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache, ndiyo maana unaombwa usubiri kidogo baada ya sindano. Mweleze mhudumu mapema kama umewahi kupata mzio. Dalili isiyo ya kawaida ikitokea baadaye, rudi kituoni na kadi ya chanjo: jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe uliyochanjwa na muda dalili ilipoanza ndivyo tunavyovihitaji kuanza uchunguzi.