Bega kuachana: maswali na majibu

Nilidondoka na boda nikatua na bega, sasa juu kuna kinundu. Bega limetoka?
Huenda halijatoka, limeachana tu, na hivyo ni vitu viwili. Kutoka ni kile kichwa cha mfupa wa mkono kuchomoka mahali pake. Kuachana ni huku juu, mtulinga, ule mfupa wa mbele unaotoka kifuani kuja begani, unapokutana na ncha ya mfupa bapa wa nyuma ya bega, zile kano zinazoishikilia zimevutika au zimekatika, mkono unashuka na uzito wake, mtulinga unabaki juu.

Kuna mzee mtaani anavuta mabega, niende?
Avute nini sasa? Ukibonyeza hicho kinundu kinashuka, ukiachia kinapanda, maana kilichokatika ni kano. Na je kama mtulinga umevunjika na hujapiga eksirei? Anza na picha, na wakikupiga mabega yote mawili usidhani wanakula hela yako, wanalinganisha.

Lazima nipasuliwe?
Wengi hapana. Madaktari wanagawa kwa gredi 1 mpaka 6. Ya 1 na 2 inapona bila kisu, ya 3 hata wao wanabishana lakini wengi wanaanza bila kisu, wanaangalia umri na kazi unayofanya, 4 hadi 6 ndo mara nyingi theatre. Ila gredi 3 bila kupasuliwa kinundu kinabaki, mkono unafanya kazi vizuri tu, kwa hiyo kama shida yako ni muonekano, fikiria mara mbili maana kovu nalo linaonekana.

Nyumbani nifanyeje?
Mkono ufungwe shingoni, hata kwa khanga, wiki moja hadi tatu hivi kulingana na gredi. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15 au 20, usiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Panadol. Vidole, kiganja na kiwiko chezesha tangu siku ya kwanza, watu wanafunga mkono miezi miwili halafu bega linakakamaa, hapo ndo kazi inaanza upya. Mkono ukifa ganzi, ukiwa wa baridi, ukipumua kwa shida au ngozi juu ya mfupa ikageuka nyeupe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mpira na kubeba mizigo lini?
Gredi 1 wiki 2 hivi, ya 2 hadi wiki 6, ya 3 miezi 2 mpaka 3, na usinyanyue kitu kizito kabla mkono haujapanda juu kabisa bila maumivu.