Huntha si hanithi

Juma lililopita nimemsikia tena mtangazaji wa redio akisema "mtoto amezaliwa hanithi". Sauti yake ilikuwa ya huruma, lakini neno alilolitumia ni tusi, na mtoto wa siku tatu hawezi kuwa hanithi.

Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsi, yaani viungo, tezi za uzazi, homoni au kromosomu, yasiyofuata yale tuliyozoea kuyaita ya kike au ya kiume. Hanithi ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, na mitaani hutamkwa ili kumvunjia mtu heshima.

Maneno haya ni ndugu, ndiyo maana yanachanganywa. Yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, kha, nun na tha, wenye maana ya kupinda na kulegea. Kiswahili kikaigeuza kha kuwa ha, kama tulivyofanya kwa khabari na khatari. Ila hanithi limekaa kwenye ugomvi, na huntha ni neno la vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hasa mlango wa mirathi. Wanazuoni walijiuliza: mrithi asiyejulikana kuwa wa kiume au wa kike, ambaye wao humwita huntha mushkili, apewe fungu gani? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kila mrithi hupewa kile kisicho na shaka, kinachobaki kikawekwa hadi hali ibainike au warithi wapatane. Hesabu ndiyo iliyomngoja mtu. Hakuna aliyesema mtoto akatwe ili hesabu ikae sawa.

Leo anakatwa. Mzazi akiambiwa "hanithi" anasikia aibu ya ukoo mzima, na mwenye aibu hana subira. Atakubali upasuaji wowote utakaoitwa "kumrekebisha". Lakini tezi ya uzazi iliyoondolewa hairudi, na kiungo kilichopunguzwa ili kipendeze machoni kinaweza kupoteza hisia maisha yote. Sikatai kwamba yapo ya dharura. Njia ya mkojo ikiziba, apasuliwe. Wapo pia watoto ambao tezi zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni za kutosha, mwili ukapoteza chumvi, na wanaweza kufa katika wiki za mwanzo. Hao huokolewa kwa dawa za homoni na chumvi. Kisu hakiwasaidii kwa hilo.

Kenya jambo hili lilifika Mahakama Kuu kwa kesi ya Mtoto A, aliyezaliwa Nairobi mwaka 2009. Hospitalini, mahali pa kuandika jinsi yake, paliwekwa alama ya kuuliza. Hukumu ya 2014 iliitaka serikali ishughulikie miongozo ya upasuaji wa watoto kama yeye, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa mtaalamu wa jenetiki.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, neno ni huntha. Na mama akikupigia simu hewani analia, usimuulize atamwita mtoto jina gani. Muulize kama ananyonya, kama anakojoa vizuri, kama anatapika, na kama damu yake imeshapimwa chumvi.